Kila Kitu Kilikuwa Gunia

Kama umepata kiharusi na maneno yamekukimbia, chukua ushauri wangu wa kwanza kabla hujachoka kusoma: usikubali mtu akumalizie sentensi. Mkatishe kwa jicho. Ikibidi mguse kwa mkongojo. Wakishazoea kukumalizia maneno, siku moja watakula chakula chako na kusema umeshiba.

Mimi si daktari. Niliacha shule darasa la tatu, na hata hayo madarasa nilikuwa nayachelewa. Naandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia bado unajifanya mgeni hapa mwilini, na herufi zangu zinalala kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Zinasomeka lakini. Utauliza kwa nini naandika Kiswahili na mimi ni Msamia wa Masafu, huku Uganda. Hilo nalo limetoka kwenye ugonjwa, nitalifikia.

Kwanza ujue ni mtu gani aliyeanguka. Nilianza pale mpakani Busia na baiskeli yenye kiti cha sponji nyuma, napiga kelele boda, boda, navusha watu na mizigo yao kwenda upande wa Kenya na kurudi. Kutoka baiskeli nikapata kibanda, kutoka kibanda nikajenga stoo yenye mlango wa chuma. Mahindi, maharage, simsim. Sikusaidiwa na mtu. Na sikuandika chochote. Mteja akiingia nilijua jina lake, la mumewe, soko analouzia, na kama mzigo aliochukua mara ya mwisho ulikuwa na unyevu. Watu walikuja kuniuliza habari za familia zao wenyewe. Nilikuwa na stoo mbili, ya matofali na ya kichwani, na ya kichwani ndiyo niliyojivunia.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshika, watu wanapanda, siku niliyoanguka. Nilikuwa nabishana na Mama Achieng, mteja wangu wa siku nyingi kutoka ng'ambo ya Kenya. Yeye anasema maharage yamelowa, mimi nataka kumwambia haya maharage ni makavu. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Hii kofia ni kavu." Mama Achieng akacheka. Nikarudia kwa ukali zaidi: kofia. Akasema, "Mzee, leo umekuja na ujanja mpya wa kupandisha bei." Hapo hasira ikanipanda, nikataka kuutoa mkono uliokuwa ndani ya gunia nimwonyeshe punje. Mkono haukuja. Niliuvuta kwa bega, ukabaki mle kwenye maharage kama si wangu.

Nilipakiwa kwenye pikipiki, dereva mbele, mwanangu Egessa nyuma amenikumbatia, mguu wangu umefungwa kwa kanga usiburute barabarani. Mimi niliyevusha nusu ya watu wa mji ule. Tukaenda hospitali ya Masafu, na baada ya siku kadhaa tukapelekwa ya Tororo.

Sitaki kukuficha mwili unavyokuwa. Upande mmoja wa mdomo unashuka kama pazia lililong'oka msumari. Chai inaingia ikitoka. Sapatu ya mguu wa kulia inachomoka na wewe hujui. Unatembea, mtu anakuja nyuma na kiatu chako mkononi, na huyo mtu ni mkwe wako. Mke wangu alininyoa ndevu, alinifunga vifungo, alinikatia nyama vipande vidogo kama vya mtoto. Na machozi. Hayo hakuna aliyenionya. Nililia kwa tangazo la sabuni redioni. Sikuwa na huzuni yoyote, sabuni tu ilitajwa. Kama yanakukuta hayo, jua si wewe umekuwa mlaini. Ni bomba limelegea, na linakazwa polepole.

Sasa maneno. Akili ya mtu ni kitu cha ajabu, mimi nasema, na haifuati haki. Matusi yalibaki yote, tena safi. Sala ya Baba Yetu ilibaki. Kuhesabu kulibaki, ilimradi nianzie moja. Ukinitaka saba, lazima nipande ngazi kutoka chini. Lakini kijiko kilikuwa kimeondoka. Mlango ulikuwa umeondoka. Nilikiona kitu, nilijua kazi yake, ningeweza kukueleza nilikinunua wapi kama ningekuwa na kinywa. Nikifungua mdomo linatoka gunia. Nataka maji, gunia. Nataka kwenda chooni, gunia, na hapo hakuna muda wa kubahatisha.

Kidogo kidogo lugha ikaanza kurudi, na iliyotangulia ilikuwa Kiswahili. Kilugha changu, maziwa ya mama yangu, kikabaki nyuma sana. Naelewa nikisemeshwa, kujibu siwezi, ila kwa Kiswahili cha mpakani. Mdogo wangu Wandera alichukia. Alikuja kunitazama, akanisalimia vizuri kwa Kisamia, mimi nikamjibu habari yako, karibu kiti. Akamgeukia Egessa akasema, "Baba yako ananiongelesha kama mteja." Yule binti wa Tororo, nitamtaja hivi punde, aliniambia wakati mwingine inarudi kwanza lugha uliyoitumia zaidi kila siku. Basi ndiyo hiyo. Nilitumia maisha yangu kwenye gunia na mpaka, navyo ndivyo vilivyonirudia. Ndiyo sababu unanisoma hivi.

Jambo lililoumiza kuliko yote lilikuwa jina la mke wangu. Wanaume wa rika langu huwaita wake zao mama fulani. Mimi nilimkuta sokoni anauza mtama wa kwao Mwello, mwenzake akamwita Athieno, nikalipenda lile jina kabla sijamwona uso. Nikamwoa nalo, na nimemwita hivyo mbele ya watu miaka yote, hata mama yangu alipolalamika kwamba sina adabu. Sasa halikuwepo. Nikimtazama, natafuta, natoa gunia. Alicheka mara ya kwanza. Mara ya pili alicheka kidogo. Baadaye alikuwa anakuja tu.

Yeye akilitamka, naweza kulirudia kama kasuku. Lakini kurudia si kuita, na yeye alilijua hilo, akaacha kunitamkia.

Wakati huohuo Rozi, mke wa Egessa, alikuwa na mimba ya kwanza. Kwetu mtoto akizaliwa akawa analia hanyamazi, mzee wa nyumba anamchukua na kuita majina ya ndugu waliokufa, moja baada ya jingine. Jina atakalonyamazia au kushika ziwa, ndilo lake. Baba yangu aliita, baada yake nikaita mimi, kwa watoto wangu wote na wa Wandera. Na kuna sharti moja hata mtoto wa mtaani kwetu analijua: aliye hai hatajwi pale. Ukimtaja umemhesabu na waliokufa, na ni kama umemwonyesha njia.

Wandera akaanza kusema safari hii ataita yeye, mkubwa wake apumzike. Alilisema kwa upole, na ule upole ndio ulioniwasha. Mzee akishapokonywa kuita majina harudishiwi. Anabaki wa kulishwa na kuanikwa juani. Nikamuuliza majina atayatoa wapi, maana yeye alilelewa kwa mjomba kule Jinja na wale bibi wengi hakuwajua. Akajibu, "Wewe utaniambia." Ilinichukua muda kupanga jibu, na yeye mara mbili akajaribu kunimalizia. Nilinyoosha mkongojo akae kimya. Nikasema, "Kama naweza kukuambia wewe, naweza kumwambia mtoto."

Lakini ukweli ni kwamba sikuweza kumwambia yeyote. Hayo majina yote yalikuwa ng'ambo ya kule Kisamia kilikojificha. Nilikuwa na miezi ya mimba ya Rozi, basi.

Huyo binti wa Tororo ni Amongin. Kazi yake ni kufundisha watu kusema tena. Alikuja kliniki siku moja kwa wiki na watu walikuwa wengi, kwa hiyo tulikaa kwenye benchi barazani toka asubuhi, tunautazama ule mwamba wa Tororo unavyobadilika rangi jua likipanda. Mimi si mtu wa kukaa. Ningeinuka, nizunguke, mguu uburute, nirudi, mahali pangu pamekaliwa. Athieno alinivuta shati bila kuniangalia.

Nilipoingia mara ya kwanza, Amongin akasema, "Mzee, tutacheza. Nikisema neno, wewe unasema neno la kwanza linalokujia." Nilitaka kuondoka. Sikutoka Busia kwa pikipiki na kiuno hiki kuja kucheza. Akasema chumvi. Nikasema gunia. Mvua. Gunia. Mama. Gunia. Nikapiga meza kwa mkono mzima. Hakushtuka wala hakunipa pole. Akauliza, "Gunia la nini?"

Nikasema, "Mahindi."

"Mahindi ya wapi?"

"Masafu."

"Masafu kwa nani?"

Nikasimama hapo, lakini nilikuwa nimetembea. Nilisikia kitu kikijongea kichwani kama mlango wa stoo wenye kutu. Tangu siku ile nikaacha kuogopa gunia. Likija, nalifungua nione lina nini.

Mchezo ule ukahamia benchini. Palikuwa na dereva wa trela, Mkenya wa Malaba, jina lake Barasa, yeye kuongea alikuwa hawezi kabisa ila kuimba anaweza. Ukimwuliza habari hana jibu. Ukianzisha wimbo wa kanisani anaumaliza na beti zote, machozi yanamtoka kwa furaha. Tulimpa maneno, akatujibu kwa nyimbo. Mtu akisema mto, anaimba wa Yordani. Mtu mmoja akasema breki, akafikiri sana, halafu akaimba Bwana uniokoe. Benchi zima lilicheka mpaka muuguzi akatoka kutazama. Mimi nililia kidogo vilevile, lile bomba.

Siku nyingine tulifika tukakuta nafasi ya Barasa tupu. Nilizunguka uwanja ule mpaka Athieno akaacha kunivuta shati.

Nyumbani tuliendelea kucheza yeye na mimi, alasiri, anachambua karanga. Mtama ulikuwa umevunwa, jua kali, vumbi la malori linakuja mpaka kwenye miti ya ua. Yeye anatupa neno, mimi nadaka. Chungu, moto. Moto, moshi. Moshi, samaki. Nikaanza kuona kwamba maneno hayakai peke yake. Yanakaa na majirani zake, na ukipata jirani unaweza kuuliza mwenye nyumba yuko wapi. Hivyo ndivyo nilivyowaendea wale bibi. Sikuwatafuta kwa majina. Niliingia katika boma la zamani la baba yangu, kwa mawazo, natembea mlango kwa mlango. Jiwe la kusagia lenye ufa: lilikuwa la shangazi Taaka. Moshi wa samaki: Namude. Ugoro ndani ya kikopo cha rangi ya viatu: Nekesa, aliyeninyima kuuonja. Likija jina, na Kisamia kidogo kinakuja nalo, kama nyuzi zinazoshikana na nguo.

Lakini siku moja nikagundua Athieno hachezi mchezo wangu. Alikuwa na wake. Akasema Mwello, nikasema mawe. Akasema soko, nikasema mtama. Mtama, nikasema kikapu. Kikapu, nikasema kitambaa chekundu, na ni kweli, kikapu chake kilifunikwa na kitambaa chekundu siku ile niliyomkuta. Akaacha karanga. Akauliza polepole, "Na nani amekishika?"

Nilimwona. Nilimwona akiwa msichana bado, na pengo la meno ya mbele, anamtukana mwenzake kwa Kidhopadhola, lugha ya kwao. Nikafungua mdomo. Sikusema hata gunia.

Akarudi kwenye karanga. Akasema, "Baba Egessa, nimezunguka nyumba yote. Mlango sikuuona." Niliondoka nikaenda kutembea barabarani, mguu unaburuta, mpaka mtu wa pikipiki akanirudisha.

Mtoto akazaliwa mvua za pili zilipoanza, msichana, salama. Akalia. Alikuwa na sauti ya mnadani. Rozi akampa ziwa, mtoto akalikataa. Wakampasha joto, akakataa. Muuguzi akamwangalia, akasema mtoto mzima. Siku chache zikapita hivyo na Wandera akaja amevaa koti.

Tulikaa sebuleni kwa Egessa. Wandera akasema mbele ya wote kwamba mkubwa wake amepigana vya kutosha na hakuna aibu. Egessa aliangalia chini. Nilijua mwanangu anataka nikatae na anaogopa nikikataa. Nikanyoosha mkono mmoja, ule mzima. Rozi akamweka mtoto juu ya mapaja yangu na Athieno akakaa upande wangu wa kulia, akamshika pale ambapo mkono wangu haukuweza.

Nikaanza. Niliingia katika lile boma. Jiwe lenye ufa. "Taaka." Mtoto analia. Moshi. "Namude." Analia. Kikopo cha ugoro. "Nekesa." Alinyamaza kuvuta pumzi, watu wakasogea, akaanza upya kwa nguvu zaidi. Nikaendelea mlango hadi mlango, kwa Kisamia, na nilisikia Wandera anashusha pumzi nyuma yangu kwa sababu baadhi ya wale yeye hakuwahi kuwasikia. Nilijivuna hapo. Sitadanganya.

Ikabaki nyumba ya mwisho, ya mama wa baba yangu aliyenilea. Niliona mkeka. Nilisikia kikohozi chake gizani, na mkono wake unanifunika. Nilijua giza, nilijua mkeka, jina likanikatalia. Mtoto analia. Jasho linanitoka. Wandera akaanza kusema "Na..." na Athieno, bila kugeuka, akamwambia, "Shemeji, mwache."

Nikasukuma. Ikatoka.

"Athieno."

Na mtoto akanyamaza.

Sijui kama umewahi kusikia nyumba nzima ikiacha kupumua. Rozi aliweka mkono mdomoni. Wandera alisimama. Akasema kwa sauti ya chini kwamba nimemtaja mtu aliye hai, nimemtaja mke wangu mwenyewe mahali pa wafu, na mtoto amelipokea, sasa nani atakwenda kuliondoa. Nilielewa kila neno. Nilitaka kusema nilikuwa namtafuta bibi. Nilitaka kusema Nabwire, na sasa jina Nabwire lilikuwa limekuja, limesimama wazi kabisa, limechelewa. Baadaye watu wamenieleza kwamba majina hayo mawili ni jambo moja, mtoto wa usiku, kwetu Nabwire na kwa akina mke wangu Athieno, kwa hiyo akili ilivuka mpaka bila kuuliza. Inawezekana. Mimi nilichojua pale ni kwamba nimemuua mke wangu kwa ulimi.

Nikamgeukia. Alikuwa anatabasamu na machozi yanaanguka juu ya blanketi la mtoto.

"Amenitaja," akasema. Si kwa Wandera. Si kwa mtu yeyote.

Kisha akajifuta, akamtazama shemeji yake, na nikaisikia ile sauti ya soko la mtama. "Wandera, kaa chini. Unafikiri jina hili nilizaliwa nalo mkononi? Ni la bibi yangu, amelala Mwello tangu mimi sijazaliwa. Na mimi nililia, na mimi niliitiwa wafu mpaka nikamnyamazia yeye. Kaka yako amemwita mwenye jina. Mimi nimelibeba tu."

Wandera akasema huyo ni bibi wa ukoo mwingine.

"Basi mwamshe mtoto," Athieno akasema, "umwambie achague wa kwenu."

Mtoto alikuwa ameshika kidole cha Athieno na amelala. Hakuna aliyekuwa tayari kumwamsha, hata Wandera. Alikaa. Baada ya muda akaomba chai, na Rozi akamletea, na mambo yakaishia hapo kama mambo ya kwetu yanavyoishia, yaani bado wanayasema nikiwa sipo.

Nikuambie jambo ambalo sikulisema mbele yao. Sikumwita bibi wa Mwello. Sikumjua hata sura. Nilimwita huyu wangu, mwenye kikapu, na Athieno anajua, na kwa wiki nzima baada ya siku ile nilimwangalia kila akikohoa. Hajaugua. Jana alibeba ndizi kutoka sokoni kichwani na kunigombeza kwamba nimeacha mlango wazi kuku wakaingia.

Mkono wa kulia haujarudi na sidhani utarudi. Stoo anaishika Egessa, anaandika kila kitu, shauri yake. Bado napoteza maneno, hasa nikikasirika, na mimi nakasirika kila siku. Naenda Tororo kila mwezi, nakaa kwenye lile benchi, na wageni nawafundisha mchezo. Wengine wanakataa siku ya kwanza. Nawaacha. Siku ya pili wanaulizia zamu yao.

Asubuhi, kabla ya chai, kabla sijaanza kuzungukazunguka ua, mke wangu ananitupia neno moja kutoka jikoni. Ni lilelile kila siku.

"Gunia," anasema.

"Athieno," nasema mimi.